Peter Medawar, Mchunguzi wa Walinzi wa Mwili

Ndugu wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, ninyi mnajua zaidi ya watu wengine kwamba mlinzi wa lango hana kazi ya kumpenda wala kumchukia mtu ajaye. Kazi yake ni kumtambua, na asiyetambulika hapiti, hata kama amebeba chakula cha kambi nzima. Leo tunawaletea maisha ya bingwa mmoja wa Uingereza, marehemu Peter Brian Medawar, aliyefariki mwaka 1987. Hakuwa askari, wala hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Hata hivyo ndiye aliyewathibitishia madaktari kwamba mwili wa binadamu una walinzi wa namna hiyo, na kwamba walinzi hao humfukuza hata mgeni aliyeletwa kuuokoa mwili wenyewe. Kila mtu anayeishi leo kwa figo aliyopewa na mwenzake, akaitwa kliniki kupimwa damu mwaka baada ya mwaka, anaitwa kwa sababu ya jambo ambalo Medawar alilithibitisha.

Medawar alizaliwa tarehe 28 Februari 1915 nchini Brazili. Baba yake alikuwa mzaliwa wa Lebanoni aliyechukua uraia wa Uingereza na kufanya biashara ya vifaa vya matabibu wa meno. Mama yake alikuwa Mwingereza. Angali mtoto alipelekwa Uingereza kusoma, na miaka ya shule ya bweni haikumpendeza hata kidogo. Alipokuwa mtu mzima aliandika habari za shule hiyo kwa uchungu usiofichika. Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kujifunza elimu ya wanyama, akahitimu katika daraja la kwanza, kisha akafanya kazi katika maabara ya Howard Florey, yule Mwaustralia aliyeongoza kundi lililoifanya penisilini kuwa dawa. Mwaka 1937 alimwoa Jean Taylor, wakajaliwa watoto wanne. Alikuwa mtu mrefu sana wa kimo, mcheshi, mpenzi wa muziki wa opera, na mwenye ulimi mkali kwa yeyote aliyeleta hoja dhaifu.

Kazi iliyompa jina aliletewa na vita. Mwaka 1940 ndege ya mabomu, nayo ya Waingereza wenyewe, ilianguka karibu na nyumba yake mjini Oxford. Mwanahewa mmoja alitolewa akiwa ameungua vibaya sehemu kubwa ya mwili, na madaktari waliokuwa wakimtibu wakamwendea Medawar kumwomba shauri. Yafaa tueleze shida yao. Mtu aliyeungua kidogo hutibiwa kwa kuchukuliwa ngozi yake mwenyewe, tuseme ya paja, ikabandikwa penye jeraha, nayo hushika na kuota. Lakini mtu aliyeungua karibu mwili mzima hana ngozi ya kutosha ya kujikopesha. Ngozi ya ndugu au ya rafiki ingepatikana kwa urahisi, maana watu wa kujitolea hawakukosekana wakati ule wa vita. Tatizo ni kwamba ngozi ya mtu mwingine hushika kwa siku chache, huonekana nzuri yenye damu, kisha hugeuka rangi, hukauka na kubanduka. Wapasuaji walilijua jambo hilo tangu zamani. Sababu yake ndiyo iliyokuwa fumbo: wengine walidhani ni ufundi mbaya wa kubandika, wengine walidhani ngozi ya kigeni hufa yenyewe tu kama mche uliopandwa katika udongo usioufaa.

Kwanza Medawar alijaribu njia ya kuzidisha ngozi ya mgonjwa mwenyewe kwa kuitenganisha chembe zake maabarani na kuzitandaza juu ya jeraha. Haikufaulu. Ndipo alipopelekwa Glasgow, nchini Scotland, katika hospitali ya Royal Infirmary iliyokuwa na wodi ya watu walioungua. Huko alifanya kazi pamoja na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Mgonjwa wao alikuwa mwanamke aliyeunguzwa na moto wa gesi. Walimbandika vipande vidogo vidogo vya ngozi, vingine vyake mwenyewe na vingine vya kaka yake, wakawa wanavichunguza siku hata siku kwa hadubini. Vipande vyake mwenyewe viliota. Vya kaka yake vilishika, vikapata mishipa ya damu, kisha vikaharibika kama ilivyotazamiwa. Baada ya siku zipatazo kumi na tano tangu vile vya kwanza, walimbandika vipande vipya kutoka kwa kaka yule yule. Hivi vya mara ya pili havikupewa hata nafasi ile ya kwanza: viliharibiwa upesi zaidi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yetu yote, nasi tunawaomba wasomaji wasiupite kwa haraka. Kama ngozi ya kigeni hufa kwa sababu ya ufundi mbaya au kwa udhaifu wake yenyewe, basi ya pili ingekufa kwa muda ule ule wa kwanza. Kuuawa upesi zaidi kulionyesha kwamba mwili wa yule mwanamke ulikuwa umejifunza. Ulikuwa umemwona mgeni mara moja, ukaandaa silaha zake, ukaweka kumbukumbu. Ni kanuni ile ile inayofanya chanjo ya ndui imkinge mtu miaka mingi baada ya kuchanjwa. Medawar na Gibson walichapisha matokeo yao mwaka 1943, vita ikiwa bado inapiganwa. Aliporudi Oxford alirudia jambo hilo kwa sungura wengi, akiwahamishia ngozi kutoka huyu kwenda kwa yule, na sheria ikawa ni moja: ngozi ya sungura mgeni hukataliwa, na ya mara ya pili kutoka kwa sungura yule yule hukataliwa upesi zaidi.

Vita vilipokwisha, Medawar alipewa uprofesa Birmingham mwaka 1947, na mwaka 1951 akahamia Chuo Kikuu cha London, University College. Wenzake wawili katika kazi hiyo walikuwa watu waliopitia majeshi. Rupert Billingham alikuwa ametumikia jeshi la majini la Uingereza. Leslie Brent alikuwa mtoto wa Kiyahudi wa Ujerumani aliyeletwa Uingereza mwaka 1938 pamoja na watoto wengine waliookolewa kutoka kwa utawala wa Hitler. Baadaye alivaa sare ya jeshi la Uingereza, kisha akaenda chuo kikuu na kuwa mwanafunzi wa Medawar.

Ng'ombe ndio walioipa kazi hiyo mwelekeo mpya, na hapa kwetu, tulio watu wa mifugo, huenda jambo hilo likatuvutia zaidi ya sungura. Katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Stockholm mwaka 1948, mtaalamu mmoja wa mifugo alimwuliza Medawar namna ya kuwatambua ndama mapacha wa asili moja na mapacha wa kawaida. Medawar alijibu kwa uhakika kwamba ni rahisi: wabadilishaneni ngozi; watakaoipokea ni wa asili moja, watakaoikataa si wa asili moja. Yeye na Billingham wakaenda shambani kufanya jaribio. Loo! Karibu mapacha wote walipokeana ngozi, hata pale pacha mmoja alipokuwa dume na mwenzake jike, jambo ambalo kwa mapacha wa asili moja haliwezekani. Mtaalamu aliyejiamini alijikuta amepewa somo na ndama.

Jibu lilikuwa tayari limekwisha anza kuonekana Marekani. Ray Owen alikuwa ameeleza mwaka 1945 kwamba ndama mapacha huchangia damu tumboni mwa mama yao, na kila mmoja huzaliwa akiwa na chembe za mwenziwe. Mwaustralia Macfarlane Burnet na mwenzake Frank Fenner wakatoa wazo kwamba mwili hujifunza kujitambua mapema, kabla ya kuzaliwa, na chochote ukikutacho wakati huo hukihesabu kuwa ni chake. Medawar, Billingham na Brent waliamua kulijaribu wazo hilo kwa panya. Walichukua panya wa ukoo mmoja wakiwa bado tumboni, wakawadunga chembe za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua walibandikwa ngozi ya ule ukoo mwingine. Baadhi yao waliipokea, ikaota manyoya ya rangi ya kigeni juu ya migongo yao, wala haikubanduka. Ngozi ya ukoo wa tatu, ambao hawakupata kuujua, waliikataa kama kawaida. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la Nature tarehe 3 Oktoba 1953.

Kwa mara ya kwanza ilithibitika kwamba walinzi wa mwili wanaweza kufundishwa kumpokea mgeni maalumu pasipo kuacha ulinzi kwa wengine wote. Haikuwa tiba, maana nani awezaye kumdunga binadamu kabla hajazaliwa akiwa hajui ni figo ya nani atakayoihitaji miaka arobaini baadaye? Medawar mwenyewe hakupenda kutia watu matumaini ya bure. Roy Calne, ambaye baadaye alikuwa mpasuaji mashuhuri, alisimulia kwamba alimsikia akihutubia Oxford katika miaka hiyo, na alipoulizwa kama mambo yale yangewafaa wagonjwa, Medawar alijibu kuwa hayangewafaa hata kidogo. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo pekee kubwa ambalo bingwa huyu alilikadiria chini ya thamani yake.

Kwani mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alihamisha figo ya Ronald Herrick na kumpa pacha wake Richard, aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Murray naye alikuwa ametumika katika hospitali ya jeshi wakati wa vita, akiwabandika ngozi askari walioungua, na huko ndiko alikoanza kujiuliza maswali yale yale ya Medawar. Kabla ya kupasua ilibidi kuhakikisha kwamba ndugu wale walikuwa mapacha wa asili moja kweli. Walipelekwa kituo cha polisi wakachukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa. Lakini kipimo kilichoaminiwa kuliko vyote kilikuwa cha Medawar: kila mmoja alibandikwa kipande cha ngozi ya mwenziwe, na vipande vikashika. Richard aliishi miaka minane kwa figo ya ndugu yake.

Ni watu wangapi, hata hivyo, waliozaliwa na pacha wa asili moja? Kwa wengine wote iliwapasa madaktari kuwazuia walinzi wenyewe. Mwanzoni walijaribu kuwapiga wagonjwa mionzi, nayo iliwaangamiza wengi wao kwa maradhi, kwa kuwa kambi iliyonyang'anywa silaha zote huchukuliwa na adui yeyote apitaye. Calne alionyesha mwaka 1960 kwamba dawa ingeweza kuchelewesha kukataliwa kwa figo katika mbwa. Akaenda Boston kufanya kazi na Murray, na mwaka 1962 mgonjwa mmoja aliyepewa figo ya marehemu asiye jamaa yake, akitumia dawa iitwayo azathioprini, aliishi nayo zaidi ya mwaka. Baadaye ilikuja saiklosporini, dawa itokanayo na kuvu wa udongo, ambayo Calne aliitumia kwa wagonjwa wa figo mwaka 1978, na baada yake takrolimasi, ambayo leo ndiyo itumikayo zaidi.

Dawa hizo hazikumfanya mgeni awe mwenyeji. Zinawapunguza nguvu walinzi tu. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa figo hukaa chini ya uangalizi tangu siku ya upasuaji mpaka siku ambayo ama yeye ama figo ile itafika mwisho wake. Uangalizi wenyewe huanza hata kabla ya kupasuliwa. Damu ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyeupe za mtoaji, ili kuona kama mgonjwa tayari ana kingamwili dhidi yake. Mwaka 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki walionyesha uzito wa kipimo hicho: katika wagonjwa 30 waliokutwa na kingamwili za namna hiyo, figo 24 zilishindwa mara moja; katika 195 ambao hawakukutwa nazo, zilishindwa 8 tu. Ni yale yale ya kaka na dada wa Glasgow, mwili unaokumbuka. Mtu huweza kupata kingamwili hizo kwa figo aliyopandikizwa zamani, kwa mimba, au kwa kuongezewa damu. Askari aliyepata kujeruhiwa na kuongezewa damu hana budi kumweleza daktari wake bila kuficha.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hupimwa damu mara kadhaa kwa juma, kisha nafasi kati ya kipimo na kipimo huongezwa kadiri hali inavyotulia. Hupimwa kreatinini, ambayo ni uchafu wa misuli unaopaswa kutolewa na figo. Ikipanda, kuna jambo. Hupimwa mkojo kuona kama una protini. Hupimwa kiasi cha dawa katika damu, na kwa takrolimasi damu hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi, kwa hiyo mgonjwa anayemeza vidonge nyumbani ndipo aende kliniki huwa ameharibu kipimo cha siku hiyo. Hutafutwa virusi ambavyo mtu mwenye afya huishi navyo bila kudhurika, lakini walinzi wakilegea huamka. Hutafutwa tena kingamwili dhidi ya figo, kwa kuwa huweza kuzaliwa miaka mingi baadaye. Mashaka yakizidi, kipande chembamba cha figo hutolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, kama vile Medawar alivyotazama ngozi ya Glasgow. Siku hizi katika baadhi ya hospitali kubwa za ng'ambo hupimwa hata vipande vya asili ya mtoaji vinavyoelea katika damu ya mgonjwa, kwa kuwa figo inayoshambuliwa huvimwaga zaidi.

Hatari iko pande mbili. Dawa ikipungua, figo hushambuliwa. Ikizidi, mgonjwa hupatwa na maambukizo na hata saratani, na takrolimasi yenyewe huweza kuidhuru figo ileile iliyokusudiwa kuilinda. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha takrolimasi mno katika damu. Tunda la balungi huipandisha. Chanjo zilizo na vijidudu hai, kama ile ya homa ya manjano wanayochanjwa askari wanaopelekwa nje, hazimfai mtu wa namna hii. Na lililo baya kuliko yote ni kwamba figo huweza kushambuliwa mwenyewe akiwa hana homa wala maumivu, anakula vizuri na kutembea vizuri. Wengi waliozipoteza figo zao baada ya miaka walianza kwa kuruka dozi, kwa sababu walijiona wamepona. Hapo panapohitaji kipimo, hisia za mgonjwa hazitoshi.

Mambo haya si ya mbali tena. Hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilipandikiza figo yake ya kwanza mwaka 2017, na mwaka 2023 zikafuata King Faisal mjini Kigali na Mulago mjini Kampala. Upasuaji ni wa saa chache. Dawa na vipimo ni vya miaka yote, nasi tunaona hapo ndipo familia nyingi zitakapojaribiwa.

Turudi kwa Medawar. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Burnet, na inajulikana kwamba aliwagawia Billingham na Brent sehemu ya fedha zake, kwa kuwa aliona kazi ilikuwa ya wote watatu. Mwaka 1962 aliwekwa kuwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London. Mwaka 1965 Malkia alimpa cheo cha Sir.

Septemba 1969, akiwa rais wa chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, alikuwa akisoma somo katika Kanisa Kuu la Exeter alipopigwa na kiharusi mbele ya watu wote. Alikuwa na umri wa miaka 54. Upande wake wa kushoto ulipooza na sehemu ya macho yake ikapotea. Aliuacha ukurugenzi mwaka 1971, lakini maabara hakuiacha: alihamia kituo cha utafiti cha Northwick Park, akaendelea na majaribio huku mikono ya wenzake ikifanya yale ambayo mkono wake ulishindwa. Viharusi vingine vilimpata. Mkewe Jean alikuwa akimsaidia kutembea, kusafiri na kuandika, na vitabu viwili walivitunga pamoja. Mwaka 1986 alichapisha kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa mzaha kama kwamba aliyeungua, aliyepooza na aliyepewa tuzo wote ni watu wa kustahili kuchekwa kidogo.

Alifariki London tarehe 2 Oktoba 1987, akiwa na umri wa miaka 72. Kesho yake ilitimia miaka thelathini na minne tangu habari za panya wake zichapishwe.